Kulima mboga na kupunguza kununua kila kitu ukiwa umepanga Dar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeyakusanya hapa maswali ambayo watu wananiuliza sana kuhusu kulima nyumbani mjini, ili mtu mpya asome pote kwa mpigo. Majibu yote ni ya Dar na pwani kwa ujumla, yaani joto, unyevu, maji ya shida na uwani mdogo. Ukiwa Arusha, Mbeya au Nairobi mengi yatakufaa ila tarehe za kupanda na mazao mengine yanabadilika kabisa.

Nimepanga vyumba viwili, uwani tunashea familia nne. Kweli naweza kulima?

Unaweza, na wengi wanaofanya vizuri hawana hata mita ya ardhi yao. Unachohitaji ni jua la saa tano au sita kwa siku, maji, na chombo cha kuwekea udongo. Kabla hujanunua chochote kaa nyumbani siku moja uangalie jua linapita wapi, asubuhi linapiga ukuta upi, saa sita liko wapi, jioni wapi, maana kona ambayo unadhani ina jua kumbe lile bati la jirani linaikinga kuanzia saa nne. Sehemu yenye jua la kutosha weka mboga na pilipili. Yenye kivuli nusu siku usiiache wazi, hapo tangawizi, manjano, mnanaa na giligilani zinakaa bila shida, na giligilani kwa joto letu hata inashukuru kivuli.

Kingine, ongea na wapangaji wenzako mapema. Ukiwaambia jamani mama zangu hizi ndoo tatu nimeweka mboga, ukihitaji kuchuma chuma, hakuna atakayekuwekea kinyongo na watakumwagilia ukisafiri.

Nianze na nini?

Angalia unanunua nini gengeni kila siku. Hiyo ndio jibu. Watu wanaanza na letusi na stroberi kwa sababu wameona picha nzuri, halafu mwezi wa pili wamechoka, wakati hela inayotoka kila siku ni ya fungu la mchicha, matembele, pilipili, kitunguu na nyanya.

Kwa Dar mi namwambia kila mtu aanze na matembele. Hayahitaji mbegu, hayahitaji kitalu, wadudu hayawaogopi sana. Ukinunua fungu gengeni chambua majani upike, yale mashina yaliyokomaa usitupe, kata vipande vya kama shibiri moja na zaidi kidogo, chomeka kwenye udongo pingili mbili tatu ziwe chini, mwagilia asubuhi na jioni wiki ya kwanza. Yatanyauka siku mbili tatu utadhani yamekufa, yaache tu. Baada ya kama mwezi unaanza kuchuma vichomozi, na kadri unavyochuma ndivyo yanavyochipua, miezi na miezi.

Cha pili mchicha. Wiki tatu mpaka nne unakula. Mbegu zake ni ndogo sana kwa hiyo changanya na mchanga mkavu ndio umwage, usizifukie kwa kina, funika kiduchu tu na umwagilie kwa kopo lenye matundu madogo ili maji yasizisombe. Angalia sisimizi, wanabeba mbegu zote usiku mmoja, zungushia jivu. Mkubwa usiung'oe, kata juu uache vifundo vichache vya chini, utachipua tena mara mbili au tatu kabla haujachoka.

Halafu weka pilipili mbuzi shina moja, mchaichai shina moja, na kama kuna pa kuuchomeka mlonge mmoja. Mlonge ukifika kimo chako ukate kichwa, unatoa matawi pembeni na majani yanakuwa ya kufikia kwa mkono. Usiupande karibu na ukuta wala shimo la choo.

Gunia, ndoo au tairi, kipi kizuri?

Kwa nafasi ndogo gunia ndio mwenyewe. Watu wa Nairobi wanalijua vizuri, Kibera na Mathare magunia ya mboga yalienea sana baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007/2008 ambapo shirika la Kifaransa la Solidarités lilikuwa linawapa watu miche na mafunzo, na sehemu kubwa ilikuwa sukuma wiki na spinachi. Sababu yake ni rahisi, gunia moja linakaa kwenye nafasi ya stuli lakini unapanda juu na pembeni pote.

Linatengenezwa hivi. Chukua kiroba cha salfeti cha kilo 50, kunja mdomo kwa nje ukikaze. Chini weka kokoto. Katikati simamisha kopo lililotobolewa matako pande zote mbili, lijaze kokoto, halafu zunguka pembeni yake na udongo uliochanganywa na samadi. Ukifika usawa wa kopo lipandishe juu, jaza tena kokoto, zungushia tena udongo, hivyo hivyo mpaka juu. Ile nguzo ya kokoto ya katikati ndio inapeleka maji mpaka chini, bila hiyo juu panakuwa tope na chini panabaki vumbi, mimea ya chini inakauka na mtu anasema magunia hayafai. Liache likae siku mbili tatu umwagilie lishuke, ndio utoboe matundu pembeni kwa umbali wa shibiri, kwa kupishanisha, uchomeke miche. Juu weka kitu kinachohitaji mizizi mirefu kama nyanya au bilinganya, pembeni majani. Gunia hilo jua likilipiga sana linaanza kuchanika baada ya kama mwaka, ukiweza lizungushie gunia lingine la zamani.

Ndoo za lita 20 ni nzuri kwa nyanya na pilipili, toboa matundu chini, matano au sita, sio moja. Beseni lililopasuka ni zuri kwa mchicha maana mizizi yake haiendi mbali. Ila tafadhali sana, chombo kilichobeba dawa ya wadudu, mafuta ya mashine au rangi usikitumie kwa chakula hata kama umekiosha mara kumi.

Udongo napata wapi, na mbolea je?

Dar sehemu nyingi ni mchanga mtupu, maji yanapita tu. Chukua ndoo mbili za udongo wa kawaida, ndoo moja ya samadi iliyooza ya ng'ombe au kuku, na kama unapata pumba za mpunga au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ongeza ndoo moja, yanashika unyevu. Samadi ya kuku mbichi inaunguza mizizi, lazima ikae imerundikwa na kulowanishwa mwezi mmoja na nusu au miwili ndio iguse mmea. Ukiishika haina joto na hainuki, iko tayari.

Mboji unaweza kutengeneza mwenyewe kwenye ndoo mbili zenye matundu na kifuniko. Unaweka tabaka la taka za jikoni, juu yake tabaka nene zaidi la vitu vikavu kama majani makavu, maboksi yaliyochanwachanwa, pumba. Ikinuka basi imelowa sana, ongeza vikavu. Isipooza basi imekauka, nyunyiza maji. Geuza kila wiki na baada ya miezi miwili mitatu una kitu cheusi chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Machicha ya nazi ambayo kila nyumba ya pwani inamwaga yanaingia humo vizuri tu, ila yafukie katikati, ukiyaacha juu panya na siafu watahamia. Mifupa, nyama na mabaki yenye mafuta usiweke.

Nakaa ghorofani, balkoni itabeba?

Udongo uliolowa ni mzito kuliko watu wanavyodhani, ndoo moja ya lita 20 iliyojaa na kumwagiliwa ni kama kilo 30. Weka ndoo pembezoni karibu na ukuta wa nyumba, usirundike katikati, na usiweke magunia makubwa kabisa kwenye balkoni ya zamani yenye nyufa. Punguza uzito kwa kutumia makumbi ya nazi na mboji kwa wingi. Weka sahani chini ya kila chombo maana maji yakimdondokea wa chini kwenye nguo zake umemaliza ujirani. Na upepo wa huko juu unakausha haraka, kwa hiyo matembele na vitunguu majani kwanza, nyanya ndefu baadaye.

Maji kwetu ni ya mgao na ya kisima yana chumvi. Nifanyeje?

Hili ndio swali la Dar haswa. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi na ukimwagilia hayo tu kwa miezi utaona kingo za majani zinaungua na udongo unaweka utando mweupe wa chumvi juu. Ya chumvi kidogo changanya na maji ya bomba au ya mvua, na kila baada ya wiki chache mwagilia maji matamu mengi mpaka yatoke chini ya ndoo ili yasuuze. Mchicha na spinachi zinavumilia kuliko maharage, hizo ndio upande ukiwa na maji ya hivyo.

Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kuloweka maharage, hayo yote yaende kwenye mboga. Maji ya kufulia ya suuzo la mwisho yanaweza kwenda kwenye mpapai au mchaichai, mwaga kwenye udongo, usimwage kwenye majani. Yenye jiki usitumie, na ya povu zito la mwanzo pia acha.

Na mvua! Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 20 ambayo wakati wa masika ni ya kawaida kabisa, ni lita 800, hata ukipoteza robo bado umejaza mapipa matatu ya lita 200. Dar inapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi Machi mpaka Mei na kiasi Oktoba mpaka Desemba, na karibu yote tunaiangalia inaenda mtaroni. Mwenye nyumba akikubali gata moja fupi na pipa vinabadilisha maisha. Acha dakika za kwanza za mvua zisafishe bati ndio ukinge. Kunywa chemsha.

Funika kila pipa na kitambaa au wavu wa chandarua uliofungwa kwa mpira. Hapa siongei kwa mazoea, mbu wa dengi wanazaliana kwenye maji masafi yaliyosimama, na Dar tumepata milipuko ya dengi 2014 na tena 2019. Visahani vya chini ya ndoo navyo vimwage kila siku chache.

Nyanya zangu zinatoa maua yanadondoka, hazizai. Tatizo nini?

Mara nyingi tatizo ni mwezi uliopanda. Nyanya inahitaji usiku uwe na ubaridi kidogo ndio ua lishike, na Dar Januari mpaka Machi usiku ni joto tupu, maua yanadondoka hata ukiweka mbolea ya aina gani. Sia mbegu mwezi wa tatu mwishoni au wa nne, kitalu kikae chini ya kibaraza kisipigwe na masika, hamisha miche ikiwa na wiki nne, ili maua yaje Juni, Julai, Agosti wakati wa kipupwe. Utaona tofauti kubwa.

Kama zinazaa ila tunda linaoza kitako cheusi, hapo ni kumwagilia kwa kurukaruka, leo unajaza kesho unasahau. Mmea unashindwa kusafirisha madini ya chokaa kwenda kwenye tunda. Mwagilia kidogo kila siku, funika udongo na majani makavu.

Kama shina zima linanyauka ghafla likiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na udongo, kitumbukize kwenye glasi ya maji masafi bila kukitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa. Ng'oa, tupa mbali, usiweke kwenye mboji, na udongo ule usipande nyanya, pilipili, bilinganya, nyanya chungu wala mnavu maana hao wote ni ukoo mmoja. Panda mchicha, bamia au kunde.

Wadudu wanamaliza mboga, nipulize dawa gani?

Chakula unachokichuma kwa mkono na kukipika dakika ile ile usikipulizie dawa ya dukani kama hujui siku za kusubiri, kwa kweli nakuomba. Vidukari, wale wadogo wanaojazana chini ya jani, wanakufa kwa maji ya sabuni, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, pulizia chini ya majani jioni. Viwavi okota kwa mkono asubuhi na mapema. Konokono nenda na tochi usiku.

Mwarobaini upo kila mtaa. Twanga majani mikono miwili iliyojaa, loweka kwenye lita moja ya maji usiku mzima, chuja, weka sabuni kidogo, pulizia jioni kwa sababu jua linaiua nguvu yake. Rudia kila baada ya siku tano au saba, na ikinyesha rudia.

Kwenye nyanya kuna kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo, huyu aliingia nchini 2014 na amewatesa wakulima wakubwa wenye kila dawa. Anachimba ndani ya jani, unaona madoa ya kahawia yaliyo wazi ukiyaelekeza kwenye jua. Kwa ndoo zako tatu una faida ambayo mwenye eka kumi hana, unaweza kukagua kila jani. Lichume lenye dalili, lifunge kwenye mfuko likae juani mpaka life, na zungushia mmea wavu mwembamba.

Mbegu ninunue kila mara?

Hapana. Mchicha, bamia, kunde, mnavu na pilipili unavuna mbegu mwenyewe. Siri ni kuacha shina lililo bora kuliko yote. Watu wanakula mazuri wanaacha mabovu yatoe mbegu, baada ya vizazi vichache mboga imekuwa kadogo. Lifunge kitambaa chekundu ili mtoto au mgeni asilichume. Kausha kivulini, weka kwenye chupa kavu na jivu kidogo. Mbegu chotara usitunze, watoto hawafanani na mzazi.

Ukinunua, nenda duka la pembejeo uangalie tarehe kwenye pakiti. Kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa kilichopo Tengeru, Arusha kimefanya kazi kubwa kwenye mboga zetu za asili, mchicha wa aina ya Madiira umetokana na kazi hiyo, majani mapana na hauharakishi kutoa maua. Ukiukuta chukua.

Kuku je, inawezekana uwani?

Watano majike, bila jogoo, ndio kipimo cha uwani wa kushea. Mayai hayahitaji jogoo, na jogoo wa saa kumi alfajiri ndio anayeleta kesi serikali ya mtaa. Pita huko kwanza uulize sheria ndogo za halmashauri yenu zinasemaje.

Piga hesabu kabla. Kuku mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku, watano ni kilo 18 kwa mwezi, na ataanza kutaga akiwa na miezi mitano au sita. Mabaki ya jikoni na matembele yanapunguza chakula ila hayatoshi peke yake, kuku asiyepata protini na chokaa hatagi. Maganda ya mayai kausha, saga, warudishie. Chanjo ya kideri ya tone la jicho rudia kila miezi mitatu, hii usiruke hata mara moja, kideri kikiingia mtaani unaweza kupoteza wote ndani ya wiki. Mavi yao ndio mbolea yako.

Kwa hiyo naweza kuacha kununua chakula kabisa?

Hapana, na anayekuambia hivyo anakudanganya. Chukua mahindi, hata ukivuna tani 2 kwa hekta, uwani wa mita 10 za mraba unakupa kilo 2, ugali wa siku mbili. Unga, mchele, mafuta utanunua. Nafasi ndogo itumie kwa vitu vinavyochumwa kila siku, vinavyoharibika haraka na vinavyokula hela kidogo kidogo bila mtu kuona. Ile hela ya mboga ikibaki, nunua mahindi au maharage kwa gunia wakati wa mavuno mkiwa majirani wawili watatu, mgawane. Hapo ndio kujitegemea kunakoanza kuonekana kwenye bajeti.

Lakini mboga za sokoni si rahisi tu?

Ni rahisi, na siwasemi vibaya wakulima wa bondeni, wanalisha jiji. Ila kuna mabonde maji yake yana taka za viwandani na majumbani. Bahemuka na Mubofu walichapisha utafiti 1999 wa mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi na wakakuta metali nzito ndani yake. Metali haiondoki kwa kuosha wala kuchemsha. Mwenye watoto wadogo nadhani ana haki ya kujua mboga yake imekunywa maji gani.

Nikivuna nyingi kuliko tunazokula?

Mpe jirani kwanza. Zinazobaki kausha. Majani ya mlonge, mnavu na kunde kausha kivulini penye upepo, jua kali linaua rangi na vitamini. Ya kunde chovya kwanza kwenye maji yanayochemka dakika mbili. Bamia kata vipande, nyanya kata nusu nyunyiza chumvi, tandaza kwenye chekecheke funika na chandarua. Unyevu wa pwani unaharibu, kwa hiyo weka kwenye chupa inayokaza na ukague kila wiki. Ndimu na pilipili fanya achari, kila bibi wa pwani ana yake, kaulize.

Na kisamvu, twanga na chemsha vizuri siku zote, kina sumu kikiwa kibichi.

Mkaa na gesi vimepanda, kuna njia ya kupunguza?

Maharage loweka usiku, mwaga maji, chemsha kwa nguvu dakika 15 kamili, halafu toa sufuria na mfuniko wake uliweke ndani ya kikapu kilichojaa vitambaa au sponji pande zote, funika juu kwa mto. Baada ya saa nne au tano yameiva au yamebakiza kidogo sana. Zile dakika za kuchemsha kwa nguvu usizipunguze, hasa maharage mekundu, yana sumu inayoondoka kwa mchemko tu. Wali, makande na mifupa vinakubali pia.

Mwenye nyumba akinihamisha je?

Ndio maana nasema ndoo na magunia, sio ardhini. Ukipewa notisi acha kumwagilia siku mbili magunia yawe mepesi, ya matembele usihangaike kuyabeba, kata mashina ufunge kwenye gunia lililolowa, yatakaa siku tatu nne bila kufa. Mbegu ziko kwenye chupa. Mboji beba, hiyo ndio mali. Mlonge na mpapai muachie atakayeingia, ila kata matawi mawili ya mlonge yenye unene wa mkono wa mtoto, urefu wa mita moja, uchomeke unakokwenda siku hiyo hiyo ya kuhamia.